Tabo na Salamu ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa mbili na robo asubuhi. Anga ya Mpanda haikuwa na wingu hata moja. Baridi ilikuwa kavu, na upepo uliovuma tangu alfajiri ulikuwa umetandaza vumbi jembamba jekundu juu ya kila kitu katika karakana ya Kawajense. Gaudensia, mwenye karakana, alikuwa ameshafagia mara mbili na alikuwa anaanza mara ya tatu pale Landkruza nyeupe yenye bomba la hewa lililoinuka kama mkonga wa tembo ilipoingia getini polepole, ikatoa moshi mweusi, ikazima.

Aliyeshuka ni Melkiadi, dereva wa kikundi cha wafuga nyuki cha Tupendane, huko Ugalla. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na gari hilo alikuwa ameliendesha kwa miaka ishirini na miwili. Watu walimwita Baba Doto, kwa kuwa wanawe wa kwanza walikuwa mapacha.

"Shikamoo, Baba Doto."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Amezeeka pumzi."

Gaudensia aliweka ufagio pembeni. Alikuwa amesomea ufundi wa magari chuoni kwa miaka mitatu, na jambo la kwanza alilojifunza huko ni kumwacha mwenye gari amalize kusema. Melkiadi akasema yote. Kila msimu yeye huzunguka nyumba nane kukusanya asali, kisha hupanda Kilima cha Mvunjashoka hadi nyumba ya tisa, kisha huja mjini. Gari likiwa na ndoo hamsini hufika katikati ya kilima, likatetemeka, likagoma. Inabidi kushusha ndoo ishirini na tano kando ya barabara, kupandisha nusu, kisha kurudi kuchukua nusu nyingine. Mara ya mwisho nyuki walizifuata zile zilizobaki, na waliochelewa kukimbia walivimba nyuso siku mbili.

"Kamati imekaa," alisema Melkiadi. "Gari likishindwa kupandisha ndoo hamsini kwa safari moja kabla Juni haijaisha, linauzwa. Kuanzia Julai asali itabebwa na lori la kukodi."

"Na wewe?"

"Lori la kukodi huja na dereva wake." Alishika bodi ya gari kama mtu anayeshika bega la ndugu. "Fundi, mimi sina kazi nyingine. Kulima nalima, lakini nalima kama dereva. Najua kwenda mbele tu."

Gaudensia alifungua boneti. Injini ilikuwa safi kuliko injini nyingi za umri wake. Aliisikiliza ikiwa imewashwa, akapima mgandamizo wa silinda zote sita, akaandika namba ubaoni kwa chaki. Namba zote zilikuwa nzuri.

"Injini yako haijachoka," alisema. "Inavuta hewa kwa kifua chake yenyewe, na kifua kina mwisho wake. Tuifungie tabo."

"Tabo naisikia kwa watu. Ni nini hasa?"

"Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya kwanza inazungusha ya pili. Ya pili inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikiongezeka, tunaongeza dizeli kidogo, na nguvu inapanda."

"Kwa hiyo moshi wenyewe unafanya kazi?"

"Ndiyo. Sasa hivi unaumwaga bure."

Melkiadi alitazama bomba la ekzosi kwa majuto. "Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikimtupa kibarua barabarani."

Kazi ilichukua siku nne. Jumanne Gaudensia alipata tabo iliyotoka kwenye gari la namna hiyo hiyo lililopinduka, akaifungua, akaisafisha na kukagua mhimili. Jumatano alichomelea manifoldi, ile mirija inayotoa moshi kwenye injini, ili tabo ipate mahali pa kukaa. Alhamisi alivuta mrija mwembamba wa kupeleka oili kwenye tabo, na mwingine mnene wa kuirudisha chini. Alihakikisha wa pili unateremka moja kwa moja bila kona, kwa sababu oili hurudi kwa uzito wake tu. Ijumaa alifunga geji ya joto la moshi mbele ya dereva na kuichorea mstari mwekundu.

Melkiadi, aliyekuwa akimpa spana siku zote hizo, alitaka msukumo wa hewa uongezwe zaidi.

"Hapana," alisema Gaudensia. "Injini hii haikuzaliwa na tabo. Inafundishwa ukubwani. Tutaipa hewa kwa kipimo."

"Kama mgeni na pilipili."

"Hivyo hivyo."

Jioni, wateja wengine wawili wakiwa wanamsubiri, alimwandikia maagizo matatu kwenye karatasi, naye Melkiadi akayabandika mbele ya usukani kwa gundi ya karatasi. La kwanza: badilisha oili kila kilomita elfu tano. La pili: usikanyage resi injini ikiwa baridi. La tatu: ukifika, ipumzishe injini kwanza kwa dakika tatu.

"Umeelewa yote?"

"Mimi ni dereva, fundi. Si mwanafunzi wa chekechea."

Jumanne, tarehe 11 Juni, Landkruza ilipanda Mvunjashoka ikiwa na ndoo hamsini, kwa gia namba mbili, bila kusimama. Tabo ilipiga mluzi tangu chini hadi juu. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani waliweka ndoo zao chini wapige makofi, na Melkiadi akawajibu kwa honi ndefu kuliko ilivyohitajika. Jioni alimpigia Gaudensia simu.

"Fundi! Limepanda! Lilikuwa kama limeitwa juu!"

"Geji ilisema nini?"

"Geji? Fundi, nilikuwa naimba."

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda hivyo. Kisha Jumatatu, tarehe 24 Juni, saa nne asubuhi, Landkruza ilirudi Kawajense ikitoa moshi wa bluu. Ndani alikaa pia Malale, katibu wa kikundi, mtu mwembamba mwenye daftari, ambaye ndiye aliyetoa hoja ya lori la kukodi.

"Hongera, fundi," alisema Malale kabla hata ya kushuka. "Umetuongezea kifua, ukatupa na kikohozi."

"Karibu, katibu."

"Nimekaribia. Na Jumamosi mwenyekiti mwenyewe atapanda gari hili. Kamati itakutana hapo hapo, juu ya Mvunjashoka. Likipanda, sawa. Likikohoa, tunauza." Alimgeukia Melkiadi. "Baba Doto, jembe lako bado lina mpini?"

"Lina mpini, na linakukaribisha wewe kwenye palizi."

Malale alicheka, akaondoka kwenda sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kuwa amesema mapema.

Gaudensia alifungua tabo. Alichokiona kilimkunja uso. Katikati, mahali ambapo oili hupita kuulainisha mhimili, kulikuwa na tabaka jeusi na gumu kama masizi ya jikoni. Oili ilikuwa imeungua. Njia yake ilikuwa imeanza kuziba, na kwa kukosa njia ilikuwa inavuja kuingia kwenye moshi. Tabo haikuwa imekufa, lakini ilikuwa njiani.

"Baba Doto," alisema, "uliipumzisha injini?"

"Kila mahali."

"Baada ya kupanda kilima?"

"Hasa baada ya kupanda kilima."

"Dakika tatu?"

"Tatu? Mimi nilikuwa naipumzisha hata dakika kumi!"

"Haiwezekani. Ingekuwa hivyo, oili isingeungua. Mhimili huu unazunguka mara elfu nyingi kwa dakika, na umekaa kwenye moto. Oili inayopita ndiyo inayoupoza. Oili ikisimama ghafla wakati chuma bado ni cha moto, inaungua pale pale."

"Ndiyo maana nilikuwa naipumzisha!"

"Kwa namna gani? Nionyeshe."

Melkiadi alipanda kwenye kiti. Aliinua mkono wa kulia, akaonyesha kitendo cha kuzungusha funguo. Kisha akakunja mikono kifuani na kutulia, kama mtu anayelinda usingizi wa mtoto.

"Hivi," alisema. "Nikifika tu nazima. Sekunde moja sipotezi. Inapumzika kabisa."

Gaudensia alikaa juu ya tairi kuukuu. Alitazama karatasi iliyobandikwa mbele ya usukani, akasoma agizo la tatu kwa macho ya mtu mwingine. Ipumzishe. Karakana nzima ilijua maana yake: iache iungurume polepole bila kukanyaga resi. Lakini nje ya geti la karakana, kitu kinachounguruma hakijapumzika. Ng'ombe aliyepumzika amelala. Mtu aliyepumzika amekaa.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilitaka kusema uiache iwake, bila resi, dakika tatu, ndipo uzime."

"Iwake ndiyo ipumzike?"

"Ndiyo."

"Fundi, hayo ni mapumziko gani? Hata punda hapumzishwi akitembea."

"Umewahi kumwona mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu? Wanamwambia akae chini hapo hapo?"

Melkiadi alifikiri. "Hapana. Wanamwambia atembeetembee kwanza, apate pumzi."

"Basi. Kupumzika ni kupata pumzi."

Gaudensia aling'oa karatasi, akaandika nyingine kwa herufi kubwa: USIZIME KABLA YA DAKIKA TATU. Kwa siku mbili alisugua masizi, akabadilisha biringi na sili za kuzuia oili, akamwaga oili yote na kuweka mpya. Alhamisi, tarehe 27, alifunga karakana na kupanda gari pamoja na Melkiadi. Safari hii hakutaka kusimuliwa.

Katika nyumba nane za kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Melkiadi alifika, akaacha injini ikiunguruma taratibu, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe kwa kelele. Injini inatafuta pumzi."

"Marahaba. Iache itafute. Hata mimi naitafuta tangu mwaka juzi."

Baada ya dakika tatu alirudi na kuzima, na watu wakapakia ndoo. Gaudensia alitazama saa yake kila mara na kuridhika. Kisha wakapanda Mvunjashoka. Sindano ya geji ilipanda pamoja nao, ikafika upana wa kidole kimoja kabla ya mstari mwekundu. Kileleni kabisa, ukingoni mwa barabara, kulikuwa na nyumba ya matofali yenye bati jipya. Mwanamke mzee mwenye kitenge cha bluu alikuwa barazani akikamua masega ya asali. Aliinua kichwa.

Landkruza ilisimama. Mkono wa Melkiadi ukaruka wenyewe kwenye funguo. Injini ikazima.

"Baba Doto!"

"Nimeona," alisema Melkiadi kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshavua kofia. "Ni mkono, fundi. Si mimi. Yule ni mama mkwe."

Gaudensia aliomba aambiwe yote, naye akaambiwa wakiwa wamesimama nyuma ya gari. Mwaka 2003 Melkiadi alikuja katika nyumba hii kuposa, kwa gari hili hili. Betri ilikuwa mbovu. Akizima, haliwaki. Kwa hiyo aliliacha likiunguruma, akaingia uani na mshenga wake, akainama kumsalimia Bibi Skolastika. Bibi hakuitikia. Alisema, mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Anayenisalimia huku gari linanguruma ana haraka ya kuondoka. Mwenye haraka hapewi binti."

"Ukafanyaje?"

"Nilikimbia kuzima. Nikarudi, nikasalimia upya, nikapewa mke. Kisha gari likakataa kuwaka, na ukweni wote wakanisukuma hadi kwenye mteremko." Alitabasamu kidogo. "Tangu siku hiyo sijawahi kumsalimia injini ikiwa inawaka. Miaka ishirini na moja."

"Basi uwe unasimama kabla ya kufika kwake."

"Ni mlima mtupu, fundi. Nikisimama na ndoo hamsini, tutarudi kinyumenyume hadi Ugalla."

"Basi mpite kidogo, usimame kule mbele, kisha urudi kwa miguu."

Melkiadi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimpite mama mkwe? Afadhali niliuze gari mimi mwenyewe."

"Nenda ukamweleze, basi."

"Nimweleze mama mkwe kwamba sheria yake inaharibu gari?" Alishika kofia kwa mikono miwili. "Fundi, wewe ni mtoto wa kike. Nenda wewe."

Gaudensia akaenda. Alisalimia kwa adabu, akanawa mikono, akaanza kusaidia kukamua masega bila kuombwa. Bibi Skolastika alimwangalia kwa muda.

"Wewe ndiye uliyelifundisha gari la mkwe wangu kupiga mluzi?"

"Ni mimi, bibi."

"Linapiga mluzi kama kijana asiye na kazi. Lakini linapanda, sikatai."

Gaudensia alieleza. Alisema habari ya feni, ya moto na ya mhimili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: oili ina kazi gani humo?

"Bibi, mafuta yakiwa kwenye kikaango cha moto, na hakuna anayekoroga, yanakuwaje?"

"Yanaungua. Yanashika kama lami."

"Ndicho kilichotokea."

Bibi Skolastika aliacha kukamua. "Kwa hiyo shikamoo yangu inaunguza mafuta."

"Si shikamoo, bibi. Ni kuzima."

"Ni kitu kimoja. Anazima ili asalimie." Alifuta vidole kwa jani. "Sikiliza, mwanangu. Lile neno nililisema mbele ya mashahidi. Nikilifuta leo, kesho wajukuu watanisalimia wakiwa juu ya pikipiki, keshokutwa kwa kupiga honi tu. Silifuti."

"Bibi, asipopita mtihani wa Jumamosi, gari linauzwa. Atakosa usukani."

"Nimesikia. Sijasema kwamba mkwe wangu akose usukani. Nimesema silifuti." Akarudia masega yake. "Mwambie atapata jibu."

Gaudensia alirudi kwenye gari akiwa na asali hadi kwenye viwiko, bila ahadi yoyote.

"Amesemaje?" aliuliza Melkiadi.

"Amesema utapata jibu."

"Lini?"

"Hakusema."

Melkiadi alivaa kofia, akaivua tena, akawasha gari.

Jumamosi, tarehe 29 Juni, saa tano asubuhi, jua lilikuwa kali na barabara kavu. Chini ya Mvunjashoka, Malale alihesabu ndoo kwa kuzigusa moja moja, akaandika hamsini. Mwenyekiti Kasilda, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alikaa mbele katikati. Malale alikaa dirishani. Gaudensia alipanda nyuma, akajibana kati ya ndoo, sikio likiwa upande wa injini.

"Twende, Baba Doto," alisema Kasilda. "Na usiimbe. Nimeambiwa unaimba."

Gari lilianza kupanda. Mluzi wa tabo ulianza chini, ukapanda taratibu. Katikati ya kilima, mahali pale pa siku zote, Malale aliinama mbele kama mtu anayesubiri kikohozi. Gari halikukohoa.

"Sindano inapanda," alisema Malale.

"Naiona."

"Inakaribia nyekundu!"

"Katibu, nami nina macho."

Melkiadi aliinua mguu kidogo, akarudi gia moja, akaiacha sindano itulie kando ya mstari. Landkruza ilitambaa mita mia za mwisho bila haraka na bila kusita. Ikatokea kileleni. Kasilda akapiga makofi. Malale akasema, "Hmm," akaandika kitu.

Lakini Gaudensia, aliyekuwa nyuma, alijua kwamba mtihani haujaisha. Tabo haikuwahi kuwa na moto kama sasa. Likizimwa hapa, siku ya kwanza halitaonyesha kitu, wala siku ya pili. Baada ya wiki mbili moshi wa bluu utarudi, na safari hiyo hakuna atakayekubali kusubiri.

Bibi Skolastika alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa kitenge kipya.

Mkono wa Melkiadi uliruka kwenye funguo. Ukasimama hapo. Kisha Melkiadi aliuondoa, akaufungia ndani ya mkono mwingine, akafungua mlango na kushuka. Injini iliendelea kuunguruma. Alivua kofia, akainama mbele ya mama mkwe wake. Hakuweza kusalimia, kwa kuwa gari lilikuwa linawaka. Hakuweza kuzima, kwa kuwa tabo ilikuwa inaungua. Alibaki ameinama tu.

Malale alitoa kichwa dirishani. "Baba Doto, zima gari! Unamdharau mkweo mbele yetu?"

"We Malale," alisema Bibi Skolastika, "nani amekuita?"

Kisha alimgeukia mkwe wake. "Melkiadi. Umeamkaje?"

Melkiadi aliinua macho. Katika miaka ishirini na moja mama mkwe hakuwahi kumsalimia yeye kwanza. Mkubwa husalimiwa, hasalimii.

"Nimeamka salama, mama."

"Nilisema mtu asinisalimie gari likinguruma. Sikusema kwamba mimi nimefungwa mdomo. Mke wako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Doto?"

"Hajambo, yuko Kakese."

"Kulwa?"

"Hajambo."

"Yule aliyevunjika jino?"

"Limeota lingine, mama."

"Na mihogo?"

"Mihogo haijambo."

"Na ile mizinga mliyotundika upande wa mto?"

"Mitano imeingia nyuki. Miwili bado."

"Jirani yako yule mgomvi?"

"Bado mgomvi, mama. Lakini mzima."

Nyuma ya gari Gaudensia alishika saa yake, akaanza kuelewa, akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi aliuliza habari za mbuzi. Aliuliza habari za paroko, za bati lililong'olewa na upepo na za kuku aliyekuwa ameatamia. Kwa kila jambo Melkiadi alijibu, na kila jibu lilikuwa fupi na la heshima. Kasilda alikuwa ameanza kucheka mabega yakitikisika. Mluzi wa tabo ulikuwa umekwisha kabisa. Kilichobaki ni ile ngurumo ndogo, laini, ya injini iliyopata pumzi.

"Fundi!" aliita Bibi Skolastika. "Kikaango kimepoa?"

Gaudensia alitazama saa. Dakika tatu na sekunde arobaini. "Kimepoa, bibi."

"Melkiadi, zima."

Melkiadi aliingiza mkono dirishani, akazungusha funguo. Kilima chote kikawa kimya. Ilisikika ndege mmoja, na nyuki waliokuwa wameanza kuzifuata ndoo.

"Sasa nisalimie," alisema Bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kamati ilikutana hapo hapo barazani, kwa dakika sita. Kasilda aliuliza ni nani anataka gari liuzwe. Malale aliinua kalamu, akatazama upande wa Bibi Skolastika, akasema alikuwa anajikuna. Hoja ikaanguka.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake. Kasilda alitia sahihi muhtasari, akakaribishwa sega, akala mawili. Malale alifuta sentensi moja katika daftari lake, kisha akakimbia, kwa sababu nyuki walikuwa wamemwona. Bibi Skolastika alipakiza ndoo zake nne, jumla ikawa hamsini na nne. Gaudensia alirudi mjini akiwa amekaa mbele, na Jumatatu asubuhi alifuta neno "ipumzishe" katika maagizo ya wateja yaliyokuwa ubaoni pake na kuandika "usizime". Melkiadi aliendesha hadi Mpanda, akaingia getini Kawajense, akaacha injini ikiwaka dakika tatu, akazima, akasinzia hapo hapo kwenye usukani.